Fizikia ya Mpemba

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imekuwa ndogo kama tiketi ya daladala. Fundi aliitoa mfukoni mwa shati, akaikunjua juu ya benchi na kuikandamiza kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Ripoti ya nusu muhula ya binti yake wa kidato cha kwanza. Hisabati: 11. Nafasi: wa 74 kati ya 79. Chini kabisa, kwenye mstari wa maoni ya mwalimu, kulikuwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Hana uwezo."

Shule siitaji. Ripoti za namna hiyo zimelala chini ya magodoro ya nyumba nyingi, na wengine tuliwahi kuzificha huko wenyewe.

Baraza letu liko Ngamiani, Tanga, na watu wake ni walewale kila jioni. Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alianza kushika chaki enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote ya miaka ya sabini, akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba, akajifunza ualimu huku anafundisha. Madamu ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya kata, na darasa la pili alifundishwa na Mzee huyohuyo, kwa hiyo wakibishana huwa kuna mambo ya zamani chini ya ulimi. Fundi ni seremala. Majina yao nayaacha. Barazani kila mtu anajulikana kwa kazi yake. Nimeandika kama nilivyokumbuka, nikapunguza vicheko na habari za mpira.

FUNDI: Swali langu ni moja tu. Haya maneno mawili yanamsaidia nini mtoto? Mimi mbao ikiwa na kasoro nitakwambia kasoro iko wapi. Hapa pana fundo, kata hapa. Hapa imepinda, igeuze upande wa pili. Nikikwambia "mbao haina uwezo" si utanishangaa?

MZEE: Mimi ningeandika hivyohivyo. Subiri, usinikatize. Kumi na moja ni kumi na moja. Siku hizi mtoto akipata kumi na moja anapigiwa makofi, anaambiwa wewe ni nyota. Nyota gani hiyo? Mkimdanganya leo, mtihani wa taifa hautamdanganya.

MADAMU: Kwanza shikamoo, Mwalimu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Haya, nipinge.

MADAMU: Hakuna aliyesema apigiwe makofi. Kumi na moja ni habari ya karatasi ya siku ile. "Hana uwezo" ni habari ya mtoto mwenyewe, jana, leo na keshokutwa. Ya kwanza mwalimu ameihesabu. Ya pili ameiokota wapi?

MZEE: Ameipata kwenye hiyo kumi na moja.

MADAMU: Mwalimu, wewe ulinifundisha majedwali kwa fimbo. Mpaka leo ukinishtua usingizini ukaniuliza saba mara nane, nitasema hamsini na sita kabla sijafumbua macho. Lakini hesabu niliichukia mpaka kidato cha pili.

MZEE: Na leo unakula kwa hesabu. Mbegu alipanda nani?

(Hapo baraza lilicheka, na Madamu alicheka kuliko wote. Mzee ni hodari wa kukatisha mjadala kwa jibu la namna hiyo. Aliyeurudisha ni Fundi, ambaye hakuwa amecheka.)

FUNDI: Kwetu ilikuwa kila ulipokosa, kiboko kimoja. Maswali kumi, umekosa saba, saba. Nilijifunza mengi. Nilijifunza kukaa nyuma ya mtoto mrefu. Nilijifunza kuumwa tumbo Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya jaribio. Nilijifunza kumsoma mwalimu anavyoingia, leo kaamkaje. Katika kujificha nilifaulu kwa alama za juu kabisa.

MZEE: Huyo leo angekuwa anavunja sheria. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na anayepiga ni mwalimu mkuu au yule aliyepewa ruhusa ya maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Hakuna mahali paliposemwa mtoto achapwe kwa kukosa hesabu.

FUNDI: Wewe Mwalimu, kitabu hicho ulikijaza?

MZEE: (Kimya kidogo.) Kahawa yangu imepoa. Mwambie kijana aongeze.

Sikutaka kumbana. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, sisi mwaka uliofuata tukavihesabu. Ila nilitaka kuona kitu kingine, nikamgeukia Fundi nikamwambia nina chumba cha futi kumi na mbili kwa kumi na nne, nataka kupiga dari.

FUNDI: Bodi zile za nne kwa nane? Sita. Tatu unaziweka nzima, zinakula futi nane. Zinabaki futi sita, kwa hiyo tatu nyingine unazikata futi mbili mbili. Vipande vitatu vinabaki, kimoja unafanyia kimlango cha kupandia darini, viwili nachukua mimi.

MADAMU: Umetumia muda gani hapo?

FUNDI: Muda gani? Si kaniuliza sasa hivi.

MADAMU: Hapo umetafuta eneo, umegawanya, umeshughulikia baki, na umepanga vipande ili kupunguza hasara. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangehitaji karatasi nzima.

FUNDI: Usiniambie hiyo ni hesabu. Hiyo ni kazi. Ukiniwekea herufi pale ubaoni mimi naondoka na viatu mkononi.

Mtu wa miaka arobaini na tano, anaishi kwa hesabu kutwa kucha, na bado anaamini hajui hesabu, kwa sababu kuna mtu alimwambia hivyo akiwa na miaka tisa, akarudia kwa fimbo. Nadhani huo ndio uzito wa kile kinachoitwa kujiamini. Uwezo wa Fundi haukuondoka, ila hakuambiwa kwamba ni wake.

MADAMU: Niwape kisa changu, na humo mimi ndiye mkosaji. Mwaka jana nilitoa swali: nusu jumlisha theluthi moja. Kijana mmoja wa viti vya nyuma akaandika mbili ya tano. Kosa hilo nimelitia mkasi miaka minane, nimelizoea kama mbu. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikamuuliza: umelipataje? Akatetemeka. Unajua kwa nini? Kwa sababu shuleni kwetu "umelipataje" maana yake "umemwibia nani".

MZEE: Hiyo kweli.

MADAMU: Nikamwambia sikugombezi, nataka kujua. Akasema: Madamu, Jumamosi nilipiga penati mbili nikafunga moja. Jumapili nikapiga tatu, nikafunga moja. Nimepiga tano, mbili zimeingia. Mbili ya tano. Nilikaa kitini. Huyu mtoto hakukosea ovyo, alikuwa na hesabu yake kamili, na kwa penati iko sawa! Kilichokosekana ni kwamba nusu na theluthi ya kwangu zilikuwa za mkate mmoja, na za kwake zilikuwa za mafungu mawili tofauti. Miaka minane naweka mkasi mwekundu, hakuna hata mmoja niliyemweleza hilo, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui wanakosea wapi.

FUNDI: Ukafanyaje?

MADAMU: Nikamuuliza: mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Akachora mkate, akaukata. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti, "Kwani nimeongezewa halafu nimepungukiwa?" Darasa lote likacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

MZEE: Dakika ngapi?

MADAMU: Ngapi za nini?

MZEE: Hayo mazungumzo ya penati na mkate. Dakika ngapi?

MADAMU: Saba. Nane.

MZEE: Darasani una watoto wangapi?

MADAMU: Themanini na watatu.

MZEE: Nane mara themanini na tatu, mia sita sitini na nne. Saa kumi na moja na dakika nne. Kipindi ni dakika arobaini. Haya niambie, hao wengine umewauliza lini wamepataje? Mwanangu, mimi nimefundisha chumba kimoja watoto mia na kumi na wawili, wa mbele wamekaa sakafuni mpaka miguuni kwangu. Kipimo cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto arobaini na watano. Nimekisoma kwenye makaratasi, sijawahi kukutana nacho darasani. Kwa watoto mia na kumi na wawili ulichonacho ni sauti yako na kiitikio. Mbili mara mbili! Nne! Usipokuwa mkali kidogo hapo, ni soko la samaki.

Hapo Mzee alikuwa na haki, na nataka isomeke hivyo. Ni rahisi sana kuandika makala kuhusu mwalimu mbaya, kwa sababu mwalimu yuko pale mbele, anaonekana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mpango wa elimu ya msingi, MMEM, madarasa yakafurika; mwaka 2016 ikaja elimu bila ada mpaka kidato cha nne, yakafurika tena. Katikati zilichipuka shule za kata, zikapelekewa vijana waliotoka kidato cha sita wakafundwa wiki chache, mtaani wakaitwa walimu wa "voda fasta". Watoto kuingia shule lilikuwa jambo jema lisilo na shaka. Lakini watafiti wa shirika la Uwezo walipoanza kupima watoto majumbani, kuanzia mwaka 2010, waliwakuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtoto huyo hupandishwa darasa hivyohivyo. Kila mwaka anakaa mbele ya somo linalozungumza na mtu mwingine, na kila mwaka anazidi kuamini kwamba kasoro iko kwake.

MADAMU: Kiitikio kinaficha, Mwalimu. Mia wanaimba, kumi wanafungua mdomo tu, wewe unasikia sauti moja nzuri. Na kuhusu zile dakika nane, nilipomaliza na yule kijana nikauliza nani mwingine kaandika mbili ya tano. Mikono thelathini na mmoja. Zile dakika nane hazikuwa za mtu mmoja.

MZEE: (Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.) Hiyo nimekupa. Lakini basi wagawanyeni. Walio nyuma wakae peke yao, walio mbele peke yao. Mwalimu atajua anasema na nani.

MADAMU: Mkondo wa mbumbumbu? Nimesoma shule yenye mkondo huo. Mwalimu akichoka ndiyo anakwenda kupumzikia huko.

Nikaingilia, kwa sababu jambo hili lilikwisha kupimwa jirani tu. Magharibi mwa Kenya, katikati ya miaka ya 2000, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichukua shule 121. Katika nusu yao watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa alama, na katika nusu nyingine walichanganywa kwa bahati nasibu. Mimi ningedhani walio chini wangezama. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionesha kwamba hata wao walijifunza zaidi kuliko wenzao waliochanganywa. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu sasa alikuwa na darasa la kiwango kimoja, akaweza kuanzia pale watoto walipo.

MZEE: Umesikia?

MADAMU: Nimesikia. Nakubali nusu. Kilichowasaidia ni mwalimu kushuka mpaka walipo. Ukiweka mkondo, halafu asishuke, umewatenga bure. Na jina la mkondo, wao watalijua kabla ya saa nne ya chai.

FUNDI: Mimi nimepotea kidogo. Binti yangu darasa la saba Hisabati alipata B. Nyumbani alikuwa ananihesabia mauzo. Amekwenda sekondari miezi michache, amekuwa wa 74. Akili imemwagikia njiani?

MADAMU: Ripoti haitatuambia. Ndani ya ripoti hamna makosa, kuna jumla tu. Karatasi ya mtihani mmerudishiwa?

Binti aliitwa. Alikuja na karatasi mkononi, akamwamkia kila mtu, akasimama mlangoni nusu ndani nusu nje, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Madamu aliipitia kimya, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akatuonesha bila kusema neno. Maswali yaliyokuwa na tarakimu tupu, binti ameyajaribu. Robo tatu kutoa sehemu moja ya sita: amegeuza zote kuwa za kumi na mbili, akapata saba ya kumi na mbili, sahihi kabisa. Kila swali lililoanza na maneno ya Kiingereza lilikuwa jeupe. Hakuna hata alama ya kufutwa.

MADAMU: Njoo, mama. Nikusomee swali la saba kwa Kiswahili. Mfanyabiashara amenunua redio kwa shilingi 40,000, akaiuza kwa 46,000. Faida yake ni asilimia ngapi?

BINTI: Kumi na tano.

(Alijibu kabla Fundi hajafikia. Kisha akaangalia chini, kama aliyevunja kitu.)

MADAMU: Desemba mtoto anajua pembetatu, kipenyo, asilimia. Januari anaamka vitu vyote vimebadilishwa majina, na hakuna aliyemwonya kwamba vitu ni vilevile. Anaulizwa, ananyamaza. Akinyamaza anaandikwa hana uwezo.

MZEE: Hapa mimi na wewe hatugombani. Nilikuwa napeleka sekondari watoto wenye midomo, watoto wa kubishana. Nakutana nao likizo ya kwanza, wamekuwa mabubu. Tume ya elimu ya Makweta ilisema mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee sekondari. Ikawekwa kabatini. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Nayo ikaenda kumfanyia mwenzake kampani.

MADAMU: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Martha Qorro, pamoja na Birgit Brock-Utne wa Norway, wamelisema hilo miaka mingi. Darasa likifundishwa kwa Kiswahili watoto wanauliza na kupingana. Mada hiyohiyo ikifundishwa kwa Kiingereza, anayesikika ni mwalimu.

FUNDI: Mimi nataka ajue Kiingereza. Kiingereza ndicho kina kazi.

MADAMU: Ajue, kaka yangu. Lakini afundishwe Kiingereza kwenye somo la Kiingereza. Mbona wewe mwanafunzi wako wa karakana humpi randa na msumeno siku moja, tena gizani?

Tungeweza kukaa kwenye lugha mpaka asubuhi, kama mabaraza yote ya Tanzania yanavyokaa. Nikawakumbusha kisa ambacho kilianzia mkoa wetu wenyewe, na ambacho hakikuhitaji Kiswahili wala Kiingereza ili kumwumiza mtoto. Kisa cha Mpemba.

FUNDI: Mpemba wa Wete au wa Chake?

Si wa Wete wala wa Chake. Erasto Mpemba, ndilo jina lake. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aisikrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ni chache, wanagombania. Siku hiyo mwenzake mmoja alipoona nafasi zinakwisha aliweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba, asipitwe, akaweka ya kwake yakiwa ya moto, akijua anahatarisha jokofu la watu. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini. Mwalimu akamjibu kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Baadaye, hapa Tanga mjini, rafiki yake aliyekuwa akiuza aisikrimu akamwambia wao hutia ya moto makusudi, huwahi kuganda. Akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa. Walipofika mada ya joto na namna vitu vinavyopoa, akauliza tena. Jibu lilikuwa lilelile, ila safari hii alipong'ang'ania mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu ubaoni, mwalimu na darasa zima walimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

FUNDI: Jina la ukoo wake likawa jina la kosa.

MZEE: Endelea.

Kisha akaja mgeni shuleni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Akazungumza, akakaribisha maswali. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza lilelile, wenzake wakaona haya kwa niaba ya shule. Osborne akamtaka alirudie, akamuuliza kama kweli alifanya mwenyewe. Akajibiwa ndiyo. Osborne akasema jibu hana, ila akirudi Dar es Salaam atajaribu. Akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, wakati huo Mpemba yuko chuo cha Mweka anasomea wanyamapori. Leo jambo hilo dunia nzima linaitwa kwa jina lake.

MADAMU: Mimi huwasimulia kila Januari.

MZEE: Na unawaambia kwamba alikuwa sahihi?

MADAMU: Si alikuwa sahihi?

Ikabidi niseme ukweli wote. Wanafizikia hawajakubaliana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa hukohuko walirudia vipimo, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi kupoa. Mwaka 2020 wengine nchini Kanada wakaonesha jambo linalofanana na hilo, si kwa maji kuganda, bali kwa chembe ndogo sana ya kioo ndani ya maji. Kesi bado iko mahakamani.

MZEE: Basi huenda wale walimu wawili walikuwa sahihi!

MADAMU: Huenda. Lakini hata wakiwa sahihi, Mwalimu, walimjibu vibaya. Walijibu bila kuangalia.

MZEE: Hapo ndipo ninapotaka nikukamate. Yule Mzungu alimsifu?

MADAMU: Nani?

MZEE: Osborne. Alimwambia hongera kijana, una akili, wewe ni nyota?

MADAMU: (Akafikiri.) Hapana.

MZEE: Hakumsifu hata kidogo! Alimuuliza, umefanya kweli? Huo ni ukali. Mimi naujua ukali nikiuona.

MADAMU: Ni ukali wa kumchukulia kama mtu mzima. Na kuhusu sifa, nakuongezea. Mwaka 1998 kule Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck walifanyia majaribio watoto wa miaka kumi hivi. Baada ya maswali mepesi, wengine wakaambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamefanya bidii. Kisha wote wakapewa magumu. Wale wa akili wakanywea, na walipoandikia wenzao wasiowajua, wakaongeza alama za uongo kuliko wale wa bidii.

MZEE: Unaona! Mimi nimesema tangu mwanzo.

MADAMU: Umesema tangu mwanzo kwamba uandike hana uwezo. "Una akili" na "huna uwezo" ni wino uleule, Mwalimu. Zote mbili zinamwambia mtoto kazi imekwisha, hakuna cha kufanya. Osborne alimwachia kitu cha kufanya, na yeye mwenyewe akajipa kingine.

Mzee hakujibu. Alichukua ile ripoti pale chini ya kikombe, akaitazama kwa muda, duara la kahawa limeikalia juu ya jina la shule. Sijui alikuwa anamkumbuka nani. Mtu akifundisha miaka arobaini, watoto waliopita mbele yake ni maelfu, na hakuna anayeweza kuwauliza wote kilichobaki.

Aliyevunja ukimya ni binti, ambaye tulikuwa tumemsahau mlangoni.

BINTI: Babu, sasa kweli ya moto yanaganda kwanza?

Tukatazamana. Madamu alifungua mdomo, akaufunga. Fundi akasema, "Wanasayansi wameshindwa, wewe unamuuliza babu yako?"

MZEE: Mwache. Sijui, mjukuu wangu. Mimi fizikia sikusoma, niliishia kufundisha sayansi ya darasa la sita. Mama wa barafu yuko?

BINTI: Yuko.

MZEE: Nenda kamwambie Mwalimu anaomba nafasi ya vikombe viwili kwenye jokofu. Vikombe vilingane. Kimoja tia maji ya bomba, kingine maji ya chai yanayochemka. Vilingane na ujazo, usikadirie kwa macho.

Mama wa barafu alikuja mwenyewe, mikono kiunoni, akasema jokofu lake si maabara, na maji ya moto yatamyeyushia barafu zake za ukwaju, nani atalipa. Fundi akalipia barafu kumi kabla hazijaharibika, tukazila. Vikombe vikaingia. Mzee aliomba kalamu, akageuza ripoti upande wa pili, ule mweupe, akaandika kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao Tanga nzima inaujua: Maji ya moto, maji ya baridi, saa 12:25 jioni. Akampa binti kalamu na karatasi, akamwambia aende kutazama kila baada ya robo saa na kuandika anachokiona, asiandike anachokifikiri.

Saa moja kasoro dakika tano binti alikuwa ameandika mara mbili. Saa moja na dakika tatu umeme ukakatika mtaa mzima.

Gizani tulimsikia mama wa barafu akilaani, na Mzee akiuliza, "Umeandika saa ngapi umekatika?"

"Nimeandika, babu."

"Haya. Kesho tunaanza upya."